Sauti ya Dada na Pikapu ya Umeme

Ibaba, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Lusubilo,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima. Mama ni mzima isipokuwa ule mguu wake, unaouma kila ukungu ukishuka, na hapa kwetu unajua ukungu hauna likizo. Mwanangu Shadrack yupo, bado ndiye anayeendesha pikapu yako na kumpeleka mama kliniki. Viazi vimetoka vikubwa mwaka huu. Maksai wako wawili wamenenepa na wanalima vizuri. Msalimie Recho na watoto.

Hizo ndizo salamu, na nimezifupisha makusudi, kwa sababu nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote niliyechangia naye ziwa la mama.

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa kule Itumba. Kabla ya sala mchungaji akaniangalia, akacheka, akasema, "Mama Shadrack, kumbe siku hizi unafanya matangazo!" Akatoa simu. Nikajisikia mimi mwenyewe nikisema mbele ya wazee wote: "Lusubilo mdogo wangu, Mungu akubariki sana. Gari limefika salama. Linapanda mlima wetu bila kelele, hata ng'ombe hawashtuki, na tunalichaji hapa hapa nyumbani, dizeli tumeisahau." Halafu muziki. Halafu sauti yako, ile unayoitumia kwa wateja, ukiwaambia watu waje yadi kwako Tunduma wajipatie pikapu ya umeme kama ya dada.

Lusubilo, ile ilikuwa salamu niliyokurekodia kwenye simu ya Shadrack. Nilikuwa nakushukuru. Baada ya hapo nilisema "ila", na baada ya hiyo "ila" nikaongea kwa muda mrefu hadi Shadrack akanikumbusha kwamba simu inazimika. Hiyo "ila" imekwenda wapi?

Nilikwambia kwamba tukichomeka gari, taa za nyumba nzima zinafifia, na za jirani pia, maana sote tunanyonya kwenye transfoma moja iliyo mbali huko barabarani. Nilikwambia soketi ya sebuleni imeyeyuka, ukutani kuna doa jeusi, na mama sasa anaogopa kukaa upande ule. Nilikwambia linachomekwa jioni, kesho yake jioni bado halijajaa. Mvua zilipokata umeme lilikaa hapa siku nyingi likitazama viazi vikichipua kwenye magunia. Kwenda Itumba, sawa, linashuka vizuri na betri karibu haiguswi. Kurudi na mzigo, Shadrack anazima redio, anazima taa, anaomba Mungu. Akajaribu kuchaji kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine akamfukuza kwa sababu mashine iligoma kuzunguka. Yote hayo niliyasema, tena kwa upole, kwa sababu ulitupatia gari kwa moyo mzuri.

Wewe umelelewa kwetu. Unajua mtu akipewa kitu anakisifu kwanza, anamwombea aliyempa, ndipo anasema kinachomsumbua. Mtu anaumwa yuko kitandani ukimuuliza habari atakujibu nzuri, kisha ndipo akuambie usiku mzima hakulala. Hakuna mtoto wa Ibaba asiyelijua hilo. Kwa hiyo ulijua kabisa pa kukata.

Sasa watu wananiuliza. Kanisani, gulioni, njiani. Linachaji saa ngapi? Ukilichomeka mvua inanyesha, halipigi shoti? Umeme wa luku kwenye mita unakwenda mbio? Umeme ukikatika unafanyaje? Betri ikichoka, fundi yuko wapi, hapa au mpaka ng'ambo? Nawajibu ukweli wote, nao wananitazama kwa jicho la pembeni. Juzi mmoja aliniambia, "Mbona kwenye simu ulisema vingine?" Mimi, Lusubilo! Mimi ninayeitwa watu wakigombania mpaka wa shamba, nikisema jiwe lilikuwa hapa wanakubali na kwenda nyumbani.

Nataka kitu kimoja. Kila mahali uliporusha kipande, rusha sauti yote. Shadrack anayo kwenye simu yake, ukisema neno tu atakutumia.

Nimeandika kwa mkono na kumpa kondakta wa basi la Tunduma, na simu yako sitaipokea. Karatasi nimeijaza mpaka pembeni ili usipate pa kukata.

Dada yako,
Ferista


Tunduma, 13 Aprili 2025

Dada Ferista,

Shikamoo dada. Mpe mama shikamoo yangu ya pekee, mwambie ule mguu auchue na dawa niliyotuma. Sisi huku wazima kabisa. Recho anakusalimia, mtoto wa mwisho ameota meno. Malori yamepanga foleni tangu Mpemba mpaka mpakani, vumbi tunakula kama ugali, lakini biashara inakwenda, tumshukuru Mungu.

Barua yako imechelewa kunifikia. Kondakta aliiweka juu ya dashibodi akaisahau, akazunguka nayo Vwawa na Mbeya, imenifikia ikiwa na doa la soda. Dada, si ungepiga simu tu? Nimeisoma nikacheka, kisha nikaumia.

Kwanza, dada, watu wa siku hizi hawasikilizi sauti ndefu. Nilichukua pale palipo pazuri, kila mfanyabiashara anafanya hivyo. Hujasema uongo, na mimi sijaongeza neno. Ulisema linapanda mlima, na linapanda. Ulisema mnalichaji nyumbani, na mnalichaji nyumbani.

Pili, hayo ya soketi ni makosa yenu. Nilimwambia Shadrack asichomeke kwenye soketi ya sebuleni pamoja na friji na pasi. Gari linataka waya wake wenyewe, mnene, utoke moja kwa moja kwenye mita, na kifaa cha kuchajia kifungwe ukutani chini ya kibaraza mvua isifike. Ukifanya hivyo, usiku mmoja limejaa. Mvua haina shida, lile gari limezibwa vizuri. Nitatuma fundi akija njia ya huko.

Hapa Tunduma nina wateja wanaozunguka na mikate na soda mjini, wanachaji usiku, asubuhi wako barabarani, na hawataki hata kuona sheli ya mafuta. Hao huwasikii kwa sababu aliyeridhika hapigi kelele. Wewe ukisikika umekasirika, watu watadhani magari yote ni mabaya, na si kweli.

Hapa ndipo nilipoumia. Nilipokuwa naosha malori pale mpakani mlikuwa mnanicheka. Sikukuu nikija mlikuwa mnanusa nguo zangu. Leo nina yadi, nimewaletea gari lisilo na moshi kabla hata wakubwa wa wilaya hawajalipanda, na barua ya kwanza ninayopata kutoka nyumbani ni matusi.

Halafu nina ombi. Wazambia wa Nakonde wameipenda sana sauti yako. Wanakuita bamayo wa pikapu, yaani mama wa pikapu. Wanauliza kama bamayo anaweza kusema tena, safari hii ataje na mizigo. Maneno machache tu, dada. Shadrack akurekodi asubuhi, sauti yako asubuhi inakuwa tamu.

Mdogo wako,
Lusubilo


Ibaba, 25 Mei 2025

Lusubilo,

Salamu utazikuta mwishoni. Nimejifunza kwamba ukizikuta mwanzo unaishia hapo hapo.

Sirekodi. Usiniombe tena. Fundi wako hajafika, na hata akifika sihitaji waya mnene kama transfoma ni ile ile. Shadrack aliuliza kwa watu wa umeme, wakasema kubwa zaidi itakuja, hawakusema lini. Hayo si makosa ya soketi yangu.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja hapa nyumbani, amejifunga kitenge cha safari, miguu ina vumbi jekundu ambalo si la kwetu. Anaitwa Stamili. Ametoka Msangano. Amelala Tunduma njiani, akapanda mpaka Itumba, akaulizia, akapanda huku kwa bodaboda. Nilimkaribisha, akala, akamsalimia mama vizuri, akauliza habari za mvua za huku. Ndipo akaniambia, "Mama, nisamehe. Wewe ndiye yule wa kwenye simu, wa gari la umeme?"

Nikamwambia ndiye.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," akasema. "Mimi na mume wangu Kashinje tuna ng'ombe, tunapeleka maziwa Tunduma. Tulikusikia. Mume wangu alisema huyu mama anataja Mungu kabla ya kutaja gari, huyu hawezi kudanganya. Tukauza ng'ombe, tukauza na maksai wa kulimia, tukanunua. Sasa gari liko nyumbani halitembei. Nimekuja unionyeshe wewe unalichajije, labda sisi ndio hatujui."

Lusubilo, alikuja kujifunza! Hakuja kugombana. Amevuka mkoa mzima akidhani mjinga ni yeye.

Nikamuuliza umeme wao wa namna gani. Wana sola juu ya bati, ya kuchaji simu na kuwasha taa mbili. Nguzo za umeme zimeishia kwenye barabara, mbali na boma lao. Akaniambia walikuwa wanalichaji dukani kwa mtu pale njia panda, mwenye duka akaona luku yake inavyokimbia, akakataa. Sasa maziwa yamerudi kwenye baiskeli, na mengine yanachacha kabla hayajafika.

Nikamuuliza, "Yule aliyekuuzia hakukuuliza nyumbani kwako kuna umeme gani?"

Akasema, "Nilimuuliza kama linachaji nyumbani. Akasema ndiyo, msikilize dada yangu."

Nilimwita Shadrack alete simu. Tukamsikilizisha sauti yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, tumekaa pale jikoni. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Ilipofika kwenye soketi iliyoyeyuka alianza kulia. Ilipoisha akasema, "Kumbe ulisema." Basi. Heri angenitukana.

Mimi nimeona aibu nyingi, nimefiwa na mume nikiwa na deni la mbegu na nimesimama mbele ya watu. Lakini aibu ya mwanamke mgeni kulia jikoni kwangu kwa sababu aliniamini, hiyo sijawahi kuiona. Ilinitoka moyoni hasira ambayo hata kuiandika siwezi.

Nimemwahidi mbele ya mama kwamba atalima msimu ujao. Wao bila maksai hawalimi, na wasipolima hawali. Maziwa peke yake hayalishi boma lile. Kwa hiyo chukua gari lako, umrudishie ng'ombe wake kabla ya mvua za kwanza. Sijali utafanyaje. Na sauti yote bado hujairusha, nimeuliza.

Salamu: mama anakusalimia. Anasema dawa imefika.

Ferista


Tunduma, 27 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo. Recho na watoto hawajambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilichana.

Huyo mama Stamili namkumbuka. Alikuja na mumewe, wakaliangalia gari wakapanda, wakashuka, wakachungulia mpaka chini. Si watoto. Waliniuliza linachaji nyumbani, nikawaambia linachaji nyumbani. Sikuwaambia nyumba gani. Mimi ni mfanyabiashara, si mkaguzi wa nyumba za watu, kwamba nimfuate mteja mpaka Msangano nikahesabu nguzo.

Na gari si bovu. Ukienda leo ukalichomeka mahali penye umeme wa kutosha litawaka na kutembea. Bidhaa nzima hairudishwi, uliza yadi yoyote. Ng'ombe wao waliuza wenyewe mnadani, mimi hata sikuwaona. Siku hizi watakuwa wameshaliwa Nakonde mpaka mifupa.

Lakini lililonifanya nichane zile barua ni hili. Shadrack, mtoto niliyembeba mgongoni, anarusha sauti yako ndefu kwenye magrupu ya simu. Imefika mpaka kwa wateja wangu. Mtu alikuja juzi ameshika hela mkononi, akasikia simu ya mwenzake ikisema habari ya soketi kuyeyuka, akarudi kwenye bodaboda yake. Mbele ya macho yangu, dada. Mnaniua. Damu yangu ndiyo inaniua. Mgeni angefanya hivi ningemwita mshindani, ninyi niwaite nani?

Mwambie aache. Asipoacha, hilo gari lililoko huko ni la kwangu, kadi ina jina langu. Litarudi Tunduma, na mama mtambeba mgongoni kwenda kliniki.

Kuhusu ahadi yako, ulimwahidi wewe, si mimi. Kama una huruma nyingi hivyo juu ya watu wa Msangano, mpe maksai wako.

Lusubilo


Ibaba, 14 Septemba 2025

Lusubilo,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kwa sababu nilidhani labda nimeruka mstari ambao una aibu. Sikuuona.

"Sikuwaambia nyumba gani." Umeandika hivyo kwa mkono wako. Baba alikufundisha kuandika kwa kijiti kwenye vumbi mbele ya mlango huu, na hicho ndicho ulichokuja kukiandika.

Umeniambia nimpe maksai wangu. Mimi sina maksai, na unajua. Waliomo zizini kwangu ni wako. Uliwaacha hapa kama watu wote wa mjini wanavyoacha ng'ombe kwa ndugu zao, mimi niwachunge, nitumie samadi, nilimie, na siku ukiwataka niwatoe. Mtunzaji hauzi, hachinji, hagawi. Najua sheria hiyo kuliko wewe. Nimewasuluhisha watu wengi waliogombana juu yake, na kila mara nimempa haki mwenye ng'ombe.

Jumanne asubuhi nimewatoa zizini nikampa Stamili.

Sikufanya kwa siri. Nilimwita mchungaji, nikamwita mwenyekiti wa kitongoji, mama akatolewa nje kwenye kiti chake. Nikasema mbele yao wote kwamba ng'ombe hawa si wangu, ni wa Lusubilo, nami nawatoa bila ruhusa yake, na mwenye kutaka kunishtaki nipo. Mchungaji alitaka kunizuia. Nikamwambia, mchungaji, wewe ndiye uliyenisikilizisha sauti, basi sikiliza na hili. Akasogea pembeni. Kashinje alikuja na lori la fuso na kibali cha kusafirisha mifugo, wakapakiwa. Yule mwenye doa jeupe aligoma kupanda, Shadrack akamvuta huku analia, maana amemkuza yeye.

Sauti yangu uliitoa kwa watu bila kuniuliza. Nami nimetoa ng'ombe wako bila kukuuliza. Nimekwambia mapema ili usije ukasikia kwa watu, ingawa mimi ya kwangu niliisikia kwa watu.

Usidhani nimepata faida. Lile shamba la bondeni walikuwa wanalilima hao. Mwaka huu nitalilima kwa jembe la mkono, mimi na Shadrack, na hatutalimaliza.

Gari la Stamili bado liko Msangano, kuku wanatagia ndani. Hilo bado liko juu yako.

Mama anakusalimia. Alisikia barua yako yote, hata pale pa kumbeba mgongoni.

Ferista


Tunduma, 5 Oktoba 2025

Ferista,

Sikuamkii.

Umeiba. Hakuna neno jingine. Ungekuwa mtu baki ungekuwa ndani sasa hivi, na bado sijasema kwamba hutakuwa. Wale maksai niliwanunua wakiwa ndama, kwa mikono iliyopasuka kwa sabuni ya malori. Kitu pekee nilichokuwa nacho nyumbani kinachosema Lusubilo naye ni mtu wa Ibaba. Umekitoa kwa mwanamke usiyemjua hata ukoo wake, mbele ya mchungaji, ili uonekane mtakatifu.

Ulikuwa unataka jina lako. Haya, unalo. Hapa Tunduma kila mtu anasema dada ndiye mkweli. Mimi nani ananisema? Wateja wanakuja yadi kunitazama tu na kuondoka. Recho ameniuliza kama ni kweli nilikata ile sauti, na tangu hapo ananijibu kwa ndiyo na hapana.

Sibishani na wewe tena. Msomee mama barua hii yote, neno kwa neno, usikate. Mama aamue. Maksai wale warudi zizini, na wewe uniombe radhi, au gari lirudi Tunduma na mimi nisikanyage tena hapo. Mama akisema warudi, utawarudisha. Hilo najua hutakataa.

Nasubiri neno la mama, si la kwako.

Lusubilo


Ibaba, 19 Oktoba 2025

Mdogo wangu Lusubilo,

Nimemsomea mama. Neno kwa neno, mchana, mlango ukiwa wazi, Shadrack akiwa shahidi. Pale uliponiita mwizi nilisoma kwa sauti ile ile. Pale uliposema habari ya mikono yako na sabuni, mama aliniambia nirudie, nikarudia. Akasema, "Ni kweli. Alikuwa anaficha mikono mezani." Kisha akaniambia niendelee.

Barua ikaisha. Aliomba uji, nikamletea, akanywa wote. Bado nimekukasirikia, sikufichi, na pale nilipokuwa namngoja nilikuwa nimejiandaa. Angesema warudi, ningekwenda Msangano mwenyewe kumnyang'anya Stamili, nikaja nikalala chini nisiamke. Mimi simpingi mama.

Akauliza, "Wale ng'ombe wameanza kulima huko?"

Nikamwambia mvua za huko bado, lakini Kashinje alipiga simu, anatafuta nira ya kuazima, kwa sababu ya kwake waliiuza pamoja na maksai wao, na za watu wa kule haziwakai hawa wa kwetu, shingo zao ni nene.

Mama akakasirika. Nakwambia sijamwona hivyo tangu baba afariki. Akaniuliza nira yao iko wapi. Nikasema ipo, imening'inia pale darini, ile aliyoichonga baba. Niliibakiza, nikasema maksai ni wa Lusubilo lakini nira ni ya baba, hiyo siwezi kuitoa.

Akasema, "Umewapa watu ng'ombe wasioweza kulima, ukaita ni msaada? Wewe na mdogo wako mmefanana. Kila mmoja anatoa nusu."

Hilo nimelipokea, na wewe lipokee.

Halafu akatoa neno lako ulilolisubiri. Hili hapa, nimeandika kama alivyolitamka, na Shadrack amelisikia: "Maksai hawarudi. Wapelekewe nira. Na gari la Lusubilo arudishiwe, kliniki nitakwenda kwa bodaboda."

Shadrack anaondoka kesho. Gari amelichomeka tangu jana, chaji inatosha kufika kwako, njia ni ya kushuka. Nira ameifunga nyuma kwa kamba. Ataliegesha mbele ya yadi yako, funguo na barua hii atampa mlinzi, kisha atabeba nira begani mpaka stendi kutafuta basi la Msangano. Ni nzito, ni mti mzima ule. Kama utakuwepo hapo, usimsimamishe.

Ferista